Nyumbu wa Kitabu cha Tano

...hafi, nyumbu hafi, Ghadir alikuwa na hakika, kitabu hiki cha tano amekisoma mara nne, riwaya zote saba za Milango ya Chumvi mara nne, tangu baba alipomnunulia cha kwanza kwenye kibanda cha magazeti karibu na kituo cha tramu, na hakuna mahali nyumbu wa mizigo wa Maliha, shujaa wa hadithi, anapokufa, basi kwa nini Mutaz aliapa Ijumaa iliyopita, wakitafuna tirmis, zile punje za chumvi, kando ya bahari, kwamba alilia nyumbu alipokufa, tena akikisoma jeshini, wenzake wakamcheka wiki nzima... "Ghadir! Umeyeyuka huko?" mama huyo, sebuleni, "kahawa inapoa, na mchumba wako amemaliza basbusa yote!" ... "Nafunga mtandio, mama!" uongo, mtandio uko magotini, chini ya kitabu, na Mutaz akacheka, "Mwache, mama, labda bado ananichunguza," na mama, "Achunguze nini tena, mwanangu? Alhamisi ndoa inaandikwa, soko limefungwa, hakuna tena kuchagua!" ... ananichunguza, kwa nini aseme hivyo, asiye na la kuficha hutaja uchunguzi? na hii habari ya vitabu, siku ya kwanza Mutaz alimsikia yeye akivisifu, ziara ya pili akaja na "hata mimi, vyote saba," upesi mno, labda aliusoma muhtasari kwenye simu, na anayedanganya kuhusu nyumbu atashindwa nini kudanganya kuhusu yule mchumba wake wa kwanza, "hakuwa na kosa lolote, niliogopa tu, nikamwacha zikiwa zimebaki siku tano," mwanamume gani husema hivyo, wote husema ni kudura, ni mama mkwe, basi yeye amekiri dogo ili afunike kubwa, ndivyo alivyokata shauri Ghadir, na nyumbu ndiye shahidi, asipokufa humu, Ghadir atatoka chumbani aende sebuleni atamke mbele ya mama kwamba hakuna Alhamisi... sura ya nane, Maliha anaingia jangwa la chumvi, nyumbu anachechemea, vizuri, sura ya kumi, lango la mji, anaijua kwa moyo... ya kumi? kidole kimeruka, kimeruka chenyewe, kama mguu unavyoruka ngazi iliyovunjika hata gizani, rudi, sura ya tisa, kurasa hizi mbona nyeupe, nyingine zote zina chai na alama za dole gumba, hizi safi, na karatasi mbili zimeshikana juu, hazikukatwa kiwandani, hakuna aliyewahi kuzifungua, hakuna, na kitabu ni chake, hajawahi kumwazima mtu... kiti cha chuma, ukumbi wa hospitali, alikuwa na miaka kumi na mitatu, alimaliza sura ya nane akasikia mlango, muuguzi akatoka akifuta mikono, "Binti, mama yako yuko wapi?" na baada ya arubaini ya baba alifungua kitabu sura ya kumi, akaendelea kama mtu aliyekosa kipindi kimoja tu darasani, na hivyo hivyo kila mara, zote nne, ameiruka sura ya tisa, yeye anayewasahihisha watu tarehe, yeye aliyebishana mtandaoni kwamba nyumbu aliachwa kwenye nyumba ya wageni, ndiyo maana kitabu cha sita wanatembea kwa miguu, akawaita wenzake wasomaji wa juujuu... pini ya mtandio ikapita kwenye mshikano, taratibu, karatasi ikalia, Maliha anafungua mzigo, anaubeba mgongoni mwake mwenyewe, nyumbu anapiga magoti juu ya chumvi na kumtazama, kisha hainuki tena, mistari minne tu, na mtu hulia kweli, hata jeshini hulia... "Analia huyo?" mama akasema kwa sauti ya chini, na Mutaz, "Hapana, mama, anasoma, kaa, usimharakishe," kwa upole, na aliposema hivyo ikawa wazi kwamba Mutaz anajua Ghadir yuko ukurasa gani, hakudanganya, basi yote aliyosema ni kweli, hakuna kubwa lililofunikwa, yule msichana hakuwa na kosa, Mutaz aliogopa tu akamwacha, siku tano kabla, na leo ni Jumatatu, zimebaki tatu, bado za kutosha mtu kuogopa tena, na Ghadir, mtandio bado magotini, akamsikiliza akikoroga kahawa pale ng'ambo ya ukuta, akaona afadhali Mutaz angekuwa mwongo.