Mawe ya Mtoni

Mambo ya moto Hadidja alikuwa hafundishwi. Alifagia majani makavu uani, akatazama upepo unakoelekea, akachagua mahali mbali na ukuta wa makuti, akaweka ndoo ya maji karibu. Alikuwa ametoka Moroni, kisiwani Ngazidja, akavuka bahari kuja Mutsamudu kwenye harusi ya Bahia, binti wa kaka yake, na shangazi ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha moto wa pilau.

Tatizo mafiga. Yaliyokuwepo yalijaa masizi, na wakwe walikuwa njiani. Hadidja akashuka mtoni, akapandisha mawe mengine moja moja, laini, yanang'aa.

"Hayo hayafai, wifi," alisema Koultoumi, mama wa bibi harusi. "Jiwe la mtoni limekunywa maji. Likishika moto hupasuka."

"Jiwe linywe maji!" Hadidja akacheka, na uani kote wakacheka naye. Kwao Ngazidja hakuna mto hata mmoja. Mvua ikinyesha, ardhi inaimeza. Angejuaje? Lakini aliambiwa, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Koultoumi hakutaka kumwaibisha shangazi mbele za watu. Moto ulipowaka, akainama kusukuma kuni.

Mara ukalia mlio, kama wa bunduki kabisa. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale wazungu wenye silaha, na watu waliishi roho mkononi. Uani hakubaki mtu. Hadidja, na unene wake ule, alitangulia mbele ya wote, viatu akaviacha. Akiwa uchochoroni akamsikia wifi yake akimwita kwa jina. Miguu haikusimama.

Aliporudi alimkuta Koultoumi peke yake, ameshika uso, damu inapita vidoleni. Figa moja lilikuwa vipande.

Jicho halikupona. Koultoumi hakumlaumu mtu. Alisema ni kudura ya Mungu. Afadhali angemtukana.

Miaka ikapita, ikafika zamu ya Moroni, harusi ya binti wa Hadidja mwenyewe. Alipanga mafiga ya mawe ya volkano, makavu, akayapapasa tena na tena, kisha akakaa kati ya wifi yake na moto.

"Sogea nami nichochee," Koultoumi akasema. "Kwenu hakuna mto."

Hadidja hakusogea. "Siku ile ungenikatalia kwa nguvu, wifi."

"Nilikukataza." Koultoumi akamgeuzia jicho lililobaki. "Kisha nikakuita. Na ulisikia."