Siku 1462

Bosi wangu katika kituo cha utafiti wa maziwa, Pruett, alikuwa ameshaamua: rekodi za marehemu Armand Thibodeau ni za kubuni, zitupwe. Tarehe alizoandika kila mwaka za barafu ya msimu wa baridi kuyeyuka na kuondoka ziwani kwake, huku kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, hazikulingana na za ziwa jirani hata mwaka mmoja. Binti yake, Lorraine, akaendesha gari kwa saa tatu kuja kumtetea baba yake. Aliweka donati mezani kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

"Baba hakuwa mwongo," alisema. "Nionyeshe Mei tisa, sabini na moja. Barafu iliondoka siku niliyomzaa Denise. Mzee alichelewa hospitali kwa ajili ya hiyo barafu yake, na mpaka leo sijamsamehe."

Nikatafuta. Haikuwepo.

"Basi kompyuta yako imelewa, mwanangu."

Nilikaribia kucheka, kisha nikaona Mei nane, sitini na saba. Pungufu kwa miaka minne na siku moja. Nikamuuliza Lorraine baba yake alitumia kompyuta gani.

"Mojawapo ya zile shule ilizotupa. Kuukuu kabisa."

Kompyuta nyingi za shule za enzi zile zilihesabu siku kuanzia mwaka 1904. Programu yangu ya takwimu, ilipolisoma faili la lahajedwali lake, lile jedwali aliloandikia tarehe, ilihesabu kuanzia 1900. Faili halihifadhi tarehe, linahifadhi idadi ya siku tu, na mimi, na miaka yangu kumi na moja ya kazi hii, sikujiuliza zinahesabiwa tangu lini. Aibu ilinishika.

Nikaongeza siku 1462, amri ya mstari mmoja. Mchoro ukajichora upya. Maziwa mawili, miaka arobaini na minane, mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja. Nikasimama, nikaita:

"Pruett! Njoo uone."

Akaja, akatazama, akavuta kiti taratibu. "Mungu wangu," alisema. "Mzee alikuwa sahihi kuliko sisi. Tunaziweka zote."

Lorraine hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kwenye tarehe ya mwisho kabisa: Aprili ishirini, 2008.

"Alikufa ishirini na mbili," alisema. "Nilimkataza hata kushuka kitandani. Siku hiyo ya ishirini nilikuta matope sebuleni." Akajifuta macho. "Nikamgombeza mbwa."