Sheria ya Kinyozi

Dada yake, fundi cherehani, ndiye aliyembatiza jina la Mwenyekiti, maana aliongoza watu kumi na mmoja ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuwaona hata kivuli. Walikutana kwenye kompyuta tu, kila mtu kwao, wakatengeneza programu ya kufuatilia dawa za zahanati. Ya bure: anayetaka aichukue, anayejua airekebishe. Sheria ilikuwa moja, na aliitunga yeye: kinyozi hajinyoi. Kazi yako haiingii mpaka mwenzako aisome na kuikubali.

Miaka minane ikapita. Wenzake wakachomoka mmoja mmoja, huyu ajira, yule watoto, wengine kimya kama redio iliyoishiwa betri. Kinyozi akabaki na wembe wake.

Sasa programu ilikuwa inaonyesha dawa zilizokwisha muda kuwa ni nzima. Mwenyekiti alisharekebisha. Leo siku ya tisa, rekebisho linasubiri jicho la pili. Angeweza kuifuta sheria kwa kidole kimoja, ila ndicho kitu pekee cha kundi kilichobaki.

"Dada, hebu bonyeza hapa."

Dada akainama, utepe wa kupimia shingoni. "Pameandikwa 'Nimesoma, nimeridhika'. Mimi sijasoma."

"Bonyeza tu, dada'angu."

"Na sijaridhika. Tangu asubuhi hujaoga. Kwani wenzako wamekufa?"

"Wapo."

"Umewaita?"

Alikuwa amebandika tangazo, "Msaada unahitajika", basi. Jina la mtu hakulitaja hata moja.

Dada aliporudi kwenye cherehani yake, Mwenyekiti akamwandikia Sindano, mmoja wa wale kumi na mmoja, ambaye yeye Mwenyekiti alimrudishia kazi mara kumi na nne mpaka binti wa watu akaondoka bila kuaga. Maneno machache yakamlia saa nzima: "Nilikukosea. Dawa mbovu zinapita. Naomba jicho lako."

Alasiri jibu likaja. "Mstari wa sita umesahau mwaka mrefu. Rudia."

Akarudia.

"Wa ishirini haueleweki. Rudia."

Akarudia, mara nne, kama mwanafunzi. Hatimaye Sindano akakubali, rekebisho likaingia.

Akaandika haraka: "Habari za siku nyingi? Uko wapi siku hizi?"

Taa ya kijani kando ya jina la Sindano ilikuwa imeshazimika.

"Umepata mtu?" dada akauliza kutoka chumba cha pili.

"Nimepata."

"Anasemaje?"

"Anasema mstari wa sita ulikuwa na kosa."