Harub Alikuwa Bahari

Mume wangu Harub alikuwa bahari. Msinicheke, nnasema kama anavyosema mwenyewe. Alianza kuwahadithia wanawe tulipokuwa tunakaa mtaa wa Darsait huku Arabuni, na sasa tulipohamia Azaiba anawahadithia wajukuu: Unguja, enzi za Waingereza, Wazungu wa klabu walicheza mchezo wa kuigiza wa Kiholanzi, na yeye akawa bahari. Watoto huangua kicheko. Mbaya zaidi ni Nasr, mwanetu mkubwa, bwana mkubwa wa wizara.

"Baba, safari hii ulikuwa bahari au mashua?"

Harub huinamia kikombe chake cha kahawa. Mie hapo roho huniuma, nikamrushia Nasr mto wa kochi. Kapita hamsini, lakini mto anaustahiki.

Mwaka huu Harub katimiza themanini na tano. Siku moja nikimkata kucha akaniambia, "Mahfoudha, ntakufa wajukuu zangu wakiniona muongo." Hakuwa anatania. Nikamwambia aache uchuro, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Basi Maha, binti wa Nasr, anasomesha skuli moja ya Ghubra. Juzi juzi akawasimulia walimu wenziwe kioja cha babu yake bahari. Mwalimu mmoja mgeni, Anneke, mtoto wa Kiholanzi, akasimama na chai yake mkononi. Bibi yake mzaa mama, mke wa wakala wa meli pale Unguja, ndiye aliyeutayarisha mchezo ule!

Ijumaa Anneke akaja kwetu. Nilipika sembusa na mkate wa kumimina. Harub kavaa kanzu mpya tangu asubuhi, hataki hata kuegemea isije ikakunjika. Anneke akatoa picha ya zamani, sote tukaiinamia. Tukawaona Wazungu wenye kola pana kama sahani, panga za mbao, na kitambaa kikubwa kimetandazwa mbele yao. Harub simuoni. Nasr akavaa miwani, akatafuta.

"Baba, mbona humo?"

"Ntakuwamo vipi, na mie niko chini ya kitambaa?"

Nasr akacheka puani. Nikautafuta mto.

Anneke akaeleza, Maha akitufasiria. Hadithi ilikuwa ya mji wa Uholanzi wa kale uliozingirwa na Wahispania. Wenyeji walipokaribia kufa njaa, wakabomoa kuta zinazozuia bahari, maji yakawazamisha maadui, na mashua zikaingia na mikate. Bibi yake alikuwa na hamu ya kwao, ndiyo maana akauchagua. Akawafundisha makarani wa benki na wake wa madaktari, na hakuna aliyejua kuigiza hata kidogo. Bahari ilikuwa kitambaa cha buluu, chini yake wamechutama vijana wa skuli wakikitikisa. Walicheza bustanini, jioni, kabla giza halijaingia. Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Katika Wazungu wote wale, hakuna aliyelifikiria hilo.

Mzinga wa kufuturu ukalia!

Kila kijana akatia mkono mfukoni, akatoa tende. Bahari ikalala shwari mbele ya wakubwa wote, na kapteni wa Kihispania kasimama na upanga wake anangoja kuzama.

"Isipokuwa hapa," Anneke akasema, akaweka kidole kwenye picha. Pembe moja ya kitambaa ilikuwa imeinuka. Kapteni akakimbilia pale pale, akazama. Bibi yake mpaka anakufa alikuwa akiuliza, yule kijana alikuwa nani?

"Kiatu kilimvuka," Harub akasema polepole. "Kikanipiga hapa." Akagusa kovu la kwenye paji la uso, lile tulilokuwa tukimwambia kalipata kwa kuanguka baskeli.

Nasr akaivuta picha karibu na miwani. Kapteni alikuwa na kiatu kimoja.

Sijapata kumuona mwanangu vile. Akasimama, akamwendea baba yake, akambusu kichwa. "Nisamehe, Baba." Wajukuu wakapiga makofi. Mie machozi yalikuwa yashanifika kidevuni.

Lakini Anneke alikuwa na swali lake. Wenzake wote walifuturu, kwa nini yeye aliendelea?

"Sema, Babu," Maha akadakia, "ulijali kazi!"

Mlango wa kukwepea huo kafunguliwa, apite tu. Na huyu ndiye Harub anayepita na bakora Ramadhani nzima kugonga milango, watu waamke wale daku! Akanitazama mie.

"Sikuwa nimefunga," akasema. "Mchana njaa ilinishinda. Nilikula ile mikate ya mchezo."

Maha alipofasiri, Anneke akapiga ukelele. Miaka yote bibi yake alimsingizia paka!

"Loo, Harub!" nikasema. "Ungenyamaza ukabaki shujaa."

"Nataka waniamini, bibi wee. Basi waniamini yote."

"Na saumu ya siku hiyo, umeilipa?"

Akainamisha kichwa. "Bado. Kwanza mama angeuliza nnafunga ya nini. Kisha nikakuoa wewe. Ningekujibu nini wewe?"

Kweli. Ningemuuliza mpaka aseme.

Daktari hakumkataza, kwa hivyo Jumatatu akafunga, na mie nikafunga sunna yangu ili asikae na njaa peke yake. Mchana kutwa tulikaa majlis, chumba chetu cha wageni, kiyoyozi kinanguruma, yeye ananiuliza saa ngapi na mie namwambia bado. Jioni wakaja wote, hata Anneke. Nasr kaleta shuka la buluu la kitandani kwake. Bwana mkubwa wa wizara akachutama chini yake yeye na wanawe, wakaanza kulitikisa, vikombe vyangu vya kahawa vikawa hatarini.

Msikiti wa mtaani ukaadhini. Harub akashika tende, akalitazama lile shuka. Mzee wa watu! Akaiweka tende kwenye sahani, akanyoosha mkono kushika pembe iliyokuwa imelala.

Sauti ya Nasr ikatoka chini ya shuka. "Futuru, Baba. Leo bahari ni mimi."