Getini Hapapitwi

Mechi tatu, pointi moja, na wanaume wa kijiwe chetu walikuwa wamekwisha kumpata mwenye makosa. Si kocha, si mabeki wanaolala, si wao wenyewe. Ni Mustafa, winga wetu wa kulia, kijana wa juzi tu kutoka Ngombezi.

Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa la Riyaz, hapa Korogwe mjini, na kijiwe chenyewe kiko hapo hapo, kwenye benchi nyuma ya mgongo wangu. Sikuchagua kuwasikiliza. Lakini mimi ni mshabiki wa Singa Stars kuliko nusu yao. Ngoma ya kushangilia uwanjani ni yangu, na namba za mgongoni mwa jezi nazishona mimi. Kwa hiyo asubuhi ile walipoanza kuwachambua vijana, mguu wangu ulikuwa kwenye pedeli na masikio yangu yalikuwa kwao.

"Kipa Ukasha anatoka golini kama anakwenda kupokea wageni," alisema Julius. Huyu ni dereva wa bodaboda, na kwa kuwa anasikiliza vipindi vya michezo redioni tangu asubuhi, amejipa cheo cha mchambuzi. "Shukuru pale katikati pumzi zinamwisha kabla ya mapumziko. Hao sawa, tuwape muda, ni watoto. Lakini huyu Mustafa? Hapa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mechi za kirafiki alikuwa anawapiga watu chenga mpaka wanakaa chini," alisema Riyaz kutoka ndani ya duka. "Hale pale nilimwona kwa macho yangu. Kimemkuta nini?"

"Kiburi," alijibu Mzee Muhidini.

Mzee Muhidini ni mwenyekiti wa tawi letu, mkulima mkubwa wa machungwa, mtu anayekaa safu ya mbele msikitini na safu ya mbele uwanjani. Akisema yeye, wengine hutikisa vichwa. Sauti aliishusha kidogo, kama mtu anayesikitika kweli.

"Vijana wa siku hizi ukiwasifia mara moja wanalewa. Angalieni anavyokimbia. Anadonoadonoa kama kuku. Mpira akipewa anaurudisha nyuma. Mimi nasema tumwambie kocha amrudishe Ngombezi akakate mkonge, nafasi apewe mwingine."

Uzi wangu ulikatika. Niligeuka nikamtazama usoni, na yeye akanitazama, kisha akahamisha macho barabarani. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Maana alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Nieleze. Tawi letu lina kamati ya ufundi, na mtu yeyote aliyewahi kushabikia timu katika nchi hii anafahamu kwamba ufundi wenyewe si wa mpira. Mkuu wa kamati ni Mzee Muhidini. Msimu huu kamati ilitoa agizo moja: siku ya mechi wachezaji wetu wasipite getini, maana wapinzani huenda wameweka mambo yao pale. Waruke ukuta. Wazee wa kamati, ambao hawachezi, wao hupita getini kama kawaida, wakionyesha tiketi.

Siku ya mechi ya kwanza nilikuwa nimekwenda nyuma ya uwanja kujisaidia, kwa sababu choo cha uwanja wetu heri kichaka. Nilipokuwa najifunga kanga niliwaona wanaruka mmoja mmoja, na Mzee Muhidini amesimama chini anawahimiza, "Haraka, haraka, msiangalie nyuma." Mustafa alikuwa wa mwisho, na mfuko wa mipira mgongoni. Tofali la juu lilichomoka. Aliangukia mguu wa kulia, na mguu ukapinda vibaya, nikausikia na mimi mwilini. Mzee Muhidini alimshika mkono akamwinua, akamnong'oneza kitu sikioni, akamsukuma tena juu. Muda si mrefu mtoto yule alikuwa uwanjani, anakimbia na namba saba niliyoishona mimi.

Sasa mtu huyo huyo anasema kiburi!

Siku hiyo kambi ilikuwa imepumzika, vijana wamekwenda makwao, basi mchana ule nilifunga cherehani, nikapanda bodaboda hadi Ngombezi. Si ya Julius. Nilimkuta Mustafa nje ya chumba chao, katika zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa shamba la mkonge, mguu umelowekwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliuficha mguu nyuma ya beseni aliponiona, kama vile nimemkuta anaiba.

"Shikamoo, Mama Ikram."

"Marahaba. Utoe huo mguu niuone."

Kifundo kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi. Wiki zote hizo alikuwa akikifunga kwa kitambaa ndani ya soksi, na kocha akimuuliza anasema yuko sawa. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Alitazama chini.

"Mzee alisema anayeanguka ameangusha timu. Akasema nikinyamaza litapita. Nikisema, basi kila tutakapofungwa ni mimi."

"Na wewe unaamini mambo hayo?"

"Mimi siamini, mama. Ila wao wanaamini, na wao ndio wanaolisha kambi. Wakisema nitoke, natoka." Akauangalia mkonge ulioanza pale pale nyuma ya nyumba. "Baba ameingia humo akiwa mdogo kuliko mimi. Nakuomba usiseme kitu."

Sikumwahidi. Nikamwambia mguu ule unataka hospitali. Akasema atakwenda msimu ukiisha. Nilitaka kumchapa kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja, nikaishia kumwaga maji ya beseni na kumchemshia mengine.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu, mwenye bodaboda akidhani namsemesha.

Alhamisi tawi lilikutana pale pale barazani. Kocha wetu, Mwalimu Dennis, aliitwa aje asikilize maoni ya mashabiki, ambayo maana yake ni kwamba aje apewe amri. Jumamosi tulikuwa na mechi Handeni, na watani wetu wa huko walikwisha anza kututumia vijembe kwenye simu. Julius alisoma uchambuzi wake. Mwenyekiti akahitimisha: Mustafa aondoke kambini, tena leo.

Nikasimama. Mkasi ulikuwa bado mkononi, na nadhani ulisaidia, maana walininyamazia.

"Mzee Muhidini, waambie mguu wa huyu mtoto uliumia wapi."

"Tatu," akaniita kwa jina langu, "huu ni mkutano wa wanaume, wewe shona."

"Nashona jezi zenu, kwa hiyo nitasema. Aliruka ukuta kwa amri yako. Alianguka mbele ya macho yako. Ulimwinua mwenyewe, ukamwambia anyamaze, na wiki zote hizi unakaa kwenye benchi hili unamwita mwenye kiburi. Huna haya? Mzee mzima na ndevu zako, unamwachia mtoto mzigo wako!"

Riyaz alitoka dukani na mita yake ya kupimia vitambaa. Mwalimu Dennis alisimama taratibu, uso umemwiva, akamuuliza mwenyekiti kama ni kweli. Moyoni nilisema: haya, leo mzee atakoma. Nilijiona nimeshinda kabisa.

Mzee Muhidini hakuona aibu hata chembe. Alipiga paja.

"Kumbe mlikuwa mnatafuta nini?" akawaambia wenzake. "Si ndiyo hiyo! Alianguka! Mimi nilimficha kwa huruma yangu tu. Timu nzima imeruka salama, yeye peke yake akaanguka. Sasa mnashangaa pointi moja?"

Na wale wapumbavu wakageuka. Niliona kwa macho yangu wanavyogeuka. Julius, aliyekuwa na takwimu za pasi na krosi, akasema, "Ndiyo maana." Mwingine akasema ndiyo maana. Riyaz peke yake aliuliza kama hawana akili, lakini Riyaz akizungumza mambo ya kamati huambiwa yeye hayamhusu, isipokuwa siku ya kutoa hela ya basi.

Nilikuwa nimemvua mtoto nguo mbele ya watu nikidhani namvika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Nikawaita majina ambayo mama yangu, Mzigua wa Kwamatuku asiyependa matusi, angenifinya kwayo hata leo.

Aliyetuliza ni Mwalimu Dennis. Alisema hivi, na kila neno alilisema polepole: "Jumamosi, Handeni, timu yangu inapita getini. Wote. Na Mustafa anakuja, anakaa benchi. Kama hamtaki, mtafute kocha mwingine kesho."

Kocha mwingine kwa siku moja hawakuwa naye. Wakajadiliana kwa kunong'ona, kisha mwenyekiti akatoa neno la mwisho.

"Sawa. Wapite getini. Lakini tukifungwa, kijana haondoki na basi kurudi kambini. Anashushwa kwao. Na hapo, Mwalimu, usituzuie."

Kocha alikubali. Angefanya nini?

Jumamosi tuliingia Handeni jua likiwa kali. Nje ya uwanja wenyeji walikuwa wametujazia vumbi na nyimbo, wanatuita vibaka wa kurukia kuta. Nilijifanya sisikii, ingawa kusema kweli tulistahili. Geti lilikuwa limefunguliwa wazi, na Mwalimu Dennis akaongoza. Ukasha akapita, anatazama chini kama anayevuka mfereji. Shukuru akapita huku midomo inacheza dua. Wengine wakafuata. Nikaona wanapita, hakuna aliyedondoka, hakuna aliyepofuka, na nikapiga ngoma kwa nguvu zangu zote. Mzee Muhidini naye akaonyesha tiketi, akapita, hakunitazama.

Kisha nikagundua sijaiona namba saba.

Sikumwambia mtu. Nilizunguka uwanja kwa nje, ngoma ikinigonga nyonga, nikapita nyuma ya vibanda vya wauza miwa. Nilimkuta kwenye kona, mahali ukuta ulipo mfupi. Alikuwa peke yake. Viatu alikuwa amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, na mikono yake miwili iko juu ya ukuta, anajaribu kujiinua bila kuukanyagia ule mguu.

"Wewe!" nilifoka. "Shuka hapo! Geti liko wazi, nimegombana na dunia nzima ulipitie, na wewe uko huku?"

Aligeuka. Machozi hayakuwepo. Ningefurahi kama angekuwa analia, kwa sababu mtu anayelia unaweza kumbembeleza.

"Mama Ikram, wamepita wote?"

"Wote! Wamepita na wako salama."

"Basi sawa." Alipangusa viganja kwenye bukta. "Tukifungwa, watasema ni geti. Na geti ni kwa ajili yangu, kocha alilisema kwa ajili yangu. Nikiwa nimeruka, nitawaambia mimi niliruka. Sitakuwa na kosa."

"Watakutafutia jingine."

"Najua. Lakini hili sitakuwa nalo."

Nilitaka kumburuta kwa sikio hadi getini, na ningeweza, ni mwembamba kuliko mwanangu Ikram. Lakini ningemburuta leo, na jioni tungefungwa, na basi lingesimama Ngombezi barabarani, na ni mimi ningekuwa nimemshusha. Ndani ya uwanja filimbi ya kuwaita wachezaji ilikwisha pigwa. Nilimlaani Muhidini, nikamlaani Julius na takwimu zake, nikalilaani benchi lile kila ubao.

Kisha nikaiweka ngoma chini, nikakaza kanga, nikainama pale kwenye vumbi na kuunganisha viganja vyangu viwe ngazi.

"Weka mguu mzima," nikamwambia. "Mzima, si huo. Na ukifika juu usiruke. Ning'inia kwanza, halafu jiachie taratibu."

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Panda."

Alipanda. Hakuwa na uzito wowote. Vumbi la nyayo zake likanibaki mikononi, na kwa muda nikaona mgongo wake juu ya ukuta, na ile namba saba niliyoishona kwa uzi mara mbili ili isibanduke. Halafu hakuonekana. Nikasikia kishindo upande wa pili.

"Mustafa!" niliita, paji la uso limegusa matofali. "Umeumia?"

Nikasikia anajipangusa vumbi.

"Bado."