Safari ya Kuanua Matanga

Barnabé alianza kuipanga safari siku ileile aliyorudishwa kutoka hospitalini Mbarara, na aliipanga kama mtu mwenye miguu. Daktari alikuwa amemvuta pembeni mkewe, Gaudiose, akamwambia kwamba uvimbe wa tumboni umeshaenea, hakuna cha kukata wala cha kutibu, ampeleke mzee akapumzike na ampe chochote atakachotamani. Barnabé hakuuliza daktari alisema nini. Walimlaza kwenye mkeka mlangoni, mahali anapoweza kuliona Ziwa Nakivale, akafumba macho kidogo, akayafumbua, akasema anatamani divai ya kwao.

Divai yake haikuwa ya zabibu. Ilikuwa pombe ya ndizi ya milima ya Ngozi, kule Burundi, ambayo aliisifu mpaka majirani wakamchoka. Walimtania kwamba kwao hata ng'ombe hulewa kwa harufu tu. Alicheka nao, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mwanawe wa kwanza, Ishema, alipigwa risasi mwaka ule wa fujo, akazikwa harakaharaka katikati ya migomba ya baba yake, na kesho yake familia ikakimbilia Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Matanga yake hayajaanuliwa mpaka leo. Kwa Warundi wa rika la Barnabé, baba ndiye anayeanua matanga ya mwanawe. Pombe hutengenezwa, baba hunywa wa kwanza, hutamka kwamba kilio kimekwisha, na hapo ndipo nyumba hupata ruhusa ya kufanya harusi. Wengi pale Nakivale walishafanya hivyo kwa ndizi za kununua sokoni Misiera, wakaendelea na maisha yao. Barnabé alikataa katakata. Mwanawe amelala chini ya migomba ile, na pombe yake itatoka kwenye migomba ile, basi.

Aliyeubeba mzigo wa ukaidi huo ni Élyse, binti yao. Adolphe, kijana mwashi anayefanya kazi Mbarara siku za wiki na kurudi kambini Jumapili, alikuja kumposa kwa heshima zote. Akapewa kiti, akapewa chakula, akaambiwa asubiri mpaka matanga ya shemeji yake yaanuliwe. Akasubiri miaka. Kila Jumapili baada ya misa alipitia kumsalimia mzee, akamsaidia kupalilia maharage, na neno harusi hakulitaja tena. Wanaume wa namna hiyo si wengi, na Élyse alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa sikiliza alichokuwa nacho Gaudiose moyoni. Wiki chache kabla ya Adolphe kuja kuposa, dada wa Gaudiose, Benitha, alimpigia simu kutoka Ngozi. Karekezi, mdogo wake Barnabé aliyebaki na shamba, alikuwa ameing'oa migomba yote na kupanda mikalitusi ya kuuza nguzo. Hata kaburi la Ishema lilikuwa limepotea humo. Gaudiose alilia jikoni, akanawa uso, akanyamaza. Aliona mumewe hana kitu kingine kilichobaki duniani ila migomba ile, akaona vibaya kumnyang'anya. Aliiita huruma, na kwa kweli ilikuwa huruma. Lakini huruma nayo hula watu.

Basi safari ikapangwa. Dereva alikuwa Wasswa wa Mbarara, mwana wa askari, aliyekulia kambi ya jeshi na kujifunzia humo Kiswahili chake. Alikuja kukaa kitako karibu na mkeka, na wanaume wawili wakachora njia mchangani kwa kijiti. Kupitia Rwanda hakufai, kwa sababu mpaka wake na Burundi umefungwa. Wangeshuka Kikagati, wavuke mto kwa daraja la Murongo waingie Tanzania, wapite Karagwe, walale Ngara, asubuhi wapande hadi Kobero, kwenye mpaka wa Burundi. Barnabé alijua pa kupata chai nzuri njiani na mlima utakaolichosha gari. Wasswa alisema waziwazi kwamba yeye atamfikisha mpakani, ndani ya Burundi haingii. Barnabé akajibu kwamba akishafika mpakani, atatambaa.

Wala hakujali kwamba mkimbizi akirudi kwao kwa hiari hufutwa kwenye orodha, na kurudi Nakivale si rahisi tena. Alitaka waende wote watatu, kwa sababu Élyse lazima anywe. Pombe ikibaki, wangemletea Adolphe kibuyu kizima. Aliwakataza wasimwambie kijana neno lolote. Alitaka amwambie mwenyewe, ana kwa ana, kwamba alete wazee wake.

Halafu akasema neno lililomkata Gaudiose maini.

"Mama Ishema, piga simu kwa Karekezi. Akate ndizi sasa, azitie mu shimo, ili tufike zimeiva. Mimi sitakuwa na nguvu ya kungoja."

Alikuwa na haki. Ndizi za pombe huzikwa shimoni, hufunikwa majani, huachwa zijiivie siku kadhaa kabla ya kukamuliwa, na mgonjwa kama yeye hana siku za kuchezea. Gaudiose alichukua simu, akateremka mpaka ukingoni mwa ziwa, akasimama kwenye matope akiwa ameiweka sikioni bila kupiga namba yoyote. Alirudi akasema Karekezi amekubali. Mpaka hapo alikuwa amenyamaza tu. Sasa alikuwa amedanganya, tena mtu anayekufa.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi ya safari Wasswa alifika na gari, viti vya nyuma vimelazwa na godoro limetandikwa. Barnabé alikuwa amevalishwa koti lake la misa, lililomning'inia mabegani kama la mtu mwingine, naye alikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuiona kwa miaka. Élyse alikuwa amemshika mkono wa kulia. Gaudiose alimtazama mumewe, akamwona akifa Karagwe kwenye godoro lile, au, vibaya zaidi, akifika na kuonyeshwa mikalitusi. Akakaa chini palepale mbele ya gari.

"Baba Ishema, migomba haiko tena," akasema. "Karekezi aliing'oa, akapanda mikalitusi. Nilijua mbele ya Adolphe kuja kuposa."

Wasswa alizima injini. Barnabé alimgeukia mkewe.

"Na ile simu?"

"Sikupiga."

Gaudiose alingoja matusi, na angeyapokea yote. Lakini mumewe alizungumza taratibu, kama anayehesabu kitu kilichoanguka na kuvunjika.

"Ungeniambia wakati ule, ningekununia wiki moja. Kisha ningechimba shimo hapa hapa, kwa mikono yangu. Leo ningekuwa na mjukuu."

Élyse aliuachia mkono wa baba yake, akazunguka nyuma ya nyumba. Hakumsemesha mama yake mchana kutwa, na Gaudiose hakuthubutu kumfuata. Alitamani ardhi immeze. Miaka yote ile alijiona ndiye anayeilinda nyumba, kumbe ndiye aliyeufunga mlango kwa nje.

Aliyesema kwanza ni Wasswa, aliyekuwa amesimama pale na funguo mkononi, hajui aende au abaki.

"Muzee," akasema, "ndizi ya pombe iko mingi Isingiro. Mimi nakwenda naleta."

Barnabé alifikiri, akavua koti la misa, akalikunja. Akasema zije. Mwanawe atamwelewa.

Gari lililotakiwa kwenda Burundi likarudi jioni limejaa mikungu. Élyse alichimba shimo kando ya jiko, na baba yake akiwa kwenye mkeka alimwelekeza kila kitu: moto kidogo wa kulipasha shimo, majani ya migomba chini, mikungu ipangwe imelala, kisha majani tena, kisha udongo. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, ikabidi Gaudiose akae katikati na kuyarudia maneno yake kwa binti. Hivyo ndivyo mama na mwana walivyoanza kusemezana tena. Barnabé aliomba asogezwe karibu na shimo, alale akiinusa ndizi inavyoiva. Alimsamehe mkewe bila kutamka. Alimwomba tu amkune mgongo, kama zamani.

Alikufa kabla ya shimo kufunguliwa.

Ndizi hazina habari na mtu. Zilikuwa zimeiva, na zingeachwa zingeoza, kwa hiyo majirani walizitoa, wakazimenya, wakazikamua kwa nyasi, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakafunika wakaacha ichachuke. Kwa kuwa mazishi yalisubiri ndugu kutoka kambi nyingine, pombe ikawa tayari siku ya kuzika. Watu waliotoka makaburini walinawa mikono, na kama ilivyo desturi, wakapewa kinywaji. Hakikuwapo kingine.

Gaudiose alimwendea katekista aliyeongoza mazishi, akamweleza pombe ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani, akamwomba matanga ya Ishema yaanuliwe kwanza kabla ya kuanza ya baba yake. Katekista alikuwa mtu mpole, na alijibu kwa upole. Haiwezekani kumaliza kilio na kaburi halijakauka. Utapita mwaka wa mzee kwanza. Na baba akiwa hayupo, wa kuanua matanga yote mawili ni mdogo wake. Aliuliza kama mdogo wake marehemu bado yu hai. Gaudiose akasema ndiyo, yu hai, anaitwa Karekezi.

Élyse alikuwa nyuma yake na sinia la vikombe. Alisikia yote. Aliweka sinia chini polepole, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Adolphe alikuwa ameketi na wachimba kaburi, suruali yake imejaa udongo hadi magotini. Alikuwa ametoka Mbarara mara tu alipopata habari, na hakuna aliyemwambia lolote kuhusu shimo la ndizi, wala kwamba pombe ile ndiyo ingeifungulia njia harusi yake. Alimaliza kikombe chake, akainuka, akamrudishia Gaudiose kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama," akasema. "Pombe imeiva vizuri. Mzee angeipenda."

Gaudiose alikichukua kikombe, akakijaza tena mpaka juu, akampa.