Muhula wa Miaka Mitatu

Hakuna aliyemwambia Mukakalisa kwamba ushirika wa wauza samaki wa Rubona unachagua rais mpya asubuhi hiyo. Alisikia kwa jirani, akajifunga kitenge, akapanda pikipiki, mifupa ikimuuma kila waliporuka shimo. Miaka tisa amewaongoza wanawake wale, na leo wanamzika akiwa mzima!

Kisa ni Jean Paul, kijana wake mkubwa. Wiki iliyopita walikwenda pamoja kuchukua majibu ya damu. Mukakalisa ana saratani ya damu, ile inayotafuna mifupa, na daktari alikuwa amempima protini mbili: albumini imeshuka, na nyingine, ambayo jina lake lilimshinda kulitamka, imepanda. Wenye vipimo kama hivyo, daktari alisema, nusu yao hawamalizi miaka mitatu. Jean Paul alilia njia nzima, na walipofika nyumbani mdomo ukamshinda kuufunga. Tangu hapo watu wanakuja na juisi na sauti za matangani. Juzi kijana huyo huyo aliuliza kama sindano za matibabu zina haja tena.

Alipoingia ukumbini, wanawake waligeuka. Mbele alisimama Uwimpuhwe, naibu wake, aliyemfundisha mwenyewe kuchagua sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Pole, Mama Prezida. Tulitaka upumuzike."

"Mi nilisema nimechoka?"

"Hapana, mama. Lakini muhula ni miaka mitatu, na Jean Paul alituambia..."

"Nilikuwa mule kwa daktari, nilisikia." Aliegemea meza. Hasira ndiyo iliyomsimamisha. "Daktari alisema nusu hawafike. Bon, sawa. Ile nusu ingine iko wapi? Haikuzaliwa?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kitenge.

"We Uwimpuhwe, nikikupa ndoo ya sambaza, unajua nusu itaoza mbele ya saa sita. Unaweza kunionyesha ni zipi?"

"Hapana, mama."

"Donc, kwa hiyo unamwaga ndoo nzima asubuhi?"

Uwimpuhwe alitikisa kichwa.

"Daktari anajua ndoo. Mi hanijui," Mukakalisa akasema.

"Na ukikufa katikati?" Aliyeuliza ni bibi Mukankusi, ambaye hajawahi kupaka neno asali.

Mukakalisa aliogopa. Aliogopa tangu siku ya majibu, wala hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa wote walishaanza kulia.

"Mutachagua mwingine siku ile. Siyo leo. Mwenye kunitaka, anyooshe mukono."

Hakuna aliyeanza. Akaunyoosha wake, uliojaa madoa meusi ya sindano, akauacha juu japo bega lilimwaka. Uwimpuhwe akautazama mkono ule kwa muda, kisha akanyoosha wa kwake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila haraka.

Kumi na tisa walimkubali, kumi na saba walimkataa, bibi Mukankusi akiwemo. Mukakalisa aliwatazama wale kumi na saba kila mmoja usoni.

"Sasa tufungue mukutano," akasema. "Na mutu aniletee kiti."